Fundi Aliyempima Aliye Hai

Saa mbili kasoro robo asubuhi jua la Amity Piece, kijiji cha kilimani hapa kisiwani, limeshaanza ukorofi wake, na Novlette Tulloch amepiga magoti juu ya kaburi la Odane Brissett, kijana wa miaka ishirini na minne aliyezikwa Jumamosi wiki mbili zilizopita. Haombi. Anabandika marumaru.

Anapaka saruji, anaweka kipande, anakigonga mara tatu kwa mpini wa mwiko, kisha anatega sikio. Kikilia kama ngoma, kuna hewa chini, anakibandua. Kikinyamaza, anasogea mbele.

"Hiki kimelala vibaya," anasema.

"Hata mwenyewe huko chini kalala vibaya," anajibu Lascelles, fundi mwenzake wa miaka sitini na tatu, anayekoroga zege huku akitafuna shelisheli la kuchoma. "Maliza, mama, jua linatukaanga."

"Wewe koroga. Sijui kipi kimeisha zaidi, mwiko wako au meno yako."

Lascelles anacheka. Novlette hacheki. Kila gari linapopanda kilima anainua kichwa, analifuata kwa macho mpaka lipite kona, ndipo anarudi kwenye kazi yake. Amefanya hivyo mara tisa tangu waanze.

Novlette ana miaka hamsini na miwili. Zamani mikono yake ilikuwa ya hoteli. Pale chini ufuoni, nje kidogo ya mji wa Mobay, kuna hoteli ambayo sakafu zake zote za bafu alizilaza yeye na wenzake.

"Bafu mia mbili na kumi na mbili," anasema. "Sijaoga katika hata moja. Siku ilipokamilika walitukatia keki, wakatuonyesha geti. Na ule ufuo niliojifunzia kuogelea ukawekewa uzio. Mgeni analipa kila kitu kabla hajatoka kwao. Huku juu hafiki, hanunui hata embe. Sisi tunamwona akipita ndani ya basi lenye kiyoyozi, kama samaki kwenye chupa."

Siku hizi kazi ni makaburi. Hupata dola elfu saba za kisiwani, kama arobaini na tano za Kimarekani, kwa siku, siku tatu kwa wiki kama bahati imeamka vizuri. Katika daftari lake la kazi, mwaka jana alifunika makaburi thelathini na moja. Kumi na tisa kati yake ni ya watu ambao hawakufika miaka thelathini.

"Wazee wamekuwa wavivu wa kufa," anasema Lascelles. "Vijana wanawasaidia."

Ukimuuliza Novlette chanzo cha damu hiyo, hatoi hotuba. Anaanza na simu. Vijana wa kilimani waliajiriwa kwenye kampuni za kupokea simu za Wamarekani, wakajifunza kuongea puani kama wao. Wakajifunza jambo jingine pia: kwamba kule kuna vikongwe wengi wanaoishi peke yao, na simu ikilia wanafurahi.

Kisha ikaja orodha. Orodha ni majina na namba za vikongwe hao, na huuzwa kwa siri. Kijana anapiga: hongera, bibi, umeshinda bahati nasibu, na gari juu yake, lakini lipa ushuru kwanza. Bibi analipa. Anapigiwa tena, kuna ushuru mwingine.

"Mwanzoni walicheka tu, kama watoto walioiba guava," anasema Novlette. "Halafu orodha ikawa kama shamba la urithi. Huyu kamuuzia mtu, kesho kamuuzia na mwingine. Yule kaficha fungu la mwenzake. Hela ikanunua magari, magari yakanunuliwa bunduki za kuyalinda, na bunduki ikikaa bila kazi hujitafutia."

Polisi na wanajeshi husimamisha magari pale njia panda. Vijana nao hujilinda kwa njia yao: wanakwenda kwa mganga, wanavishwa pete ya kinga.

"Nimewafunika saba wenye pete," anasema, akikwangua saruji kwenye ukucha. "Mganga mwenyewe ana mbwa wanne na geti la chuma. Sasa jiulize, pete yake iko wapi?"

Mpaka hapo anazungumza kama fundi yeyote wa kilima hiki. Lakini kazi hii imemwingia nyumbani, na ndiyo sababu ya kuhesabu magari.

Dada yake Marva alipokwenda visiwa vya Cayman kufanya kazi za nyumbani, alimwachia mwanawe Rushane, mwenye miaka sita. Leo Rushane ana ishirini na tano. Aliajiriwa kwenye simu, akaacha, akaanza kupiga za kwake. Mshirika wake katika orodha alikuwa Odane, huyu aliye chini ya marumaru.

Novlette alijua na hakujua, kama wazazi wengi wa hapa wanavyojua na kutojua. Friji jipya likiingia ndani, nani anauliza lilikotoka?

Siku moja ya Mei, Rushane akiwa anaoga uani, simu yake ililia kwenye kamba ya nguo. Novlette aliipokea. Ilikuwa sauti ya kikongwe wa kike.

"Mwanangu, ni wewe? Nimeshauza gari la marehemu mume wangu. Cheki yangu inakuja lini?"

Novlette alisogea mbali na bafu la uani. Akamwambia: "Mama, hakuna cheki. Hakuna zawadi. Kata simu, usiipokee tena namba hii."

Kisha yule mama akamjibu kwa ukali: "Ndiye wewe! Aliniambia kuna mwanamke mwenye wivu atajaribu kuniharibia."

Akakata. Novlette aliinakili namba hiyo kwa chaki kwenye tofali la uani, bila kujua ataifanyia nini.

Siku mbili baadaye Rushane alifika makaburini na gari lililojaa maboksi kumi na manne ya marumaru nyeusi zenye michirizi ya dhahabu. Lascelles alikuwepo, na anaikumbuka siku hiyo neno kwa neno.

"Anti Novi, umenifukuzia mteja," Rushane alisema. "Lakini nimekusamehe. Hizi ni zangu. Siku yangu ikifika, uniweke pembeni ya kaburi la bibi yangu, unifunike na hizi. Marafiki wanazikwa kwa marumaru nyeupe kama za choo. Mimi sitaki aibu."

"Yaani mtoto niliyemfuta kamasi ananiagiza kaburi?"

"Kila mtu anaagiza, Anti. Ni mipango tu."

"Haya! Mteja ni mfalme. Njoo nikupime!"

Alimsimamisha kwenye ukuta wa kaburi la mchungaji aliyezikwa zamani, akachukua ufito wa mwanzi, akauweka sambamba na mwili wake kutoka kisigino hadi utosi, na kwa panga akaukata. Alitaka kumtia haya. Alitaka alie kama alivyolia akiwa na miaka sita.

Rushane alicheka. Aliyelia ni Lascelles.

"Niliangusha koleo," anasema Lascelles, na safari hii hana mzaha. "Huku kwetu ufito wa kipimo hukatwa kwa maiti. Huutupi, huuchomi. Unashuka shimoni na mwenyewe. Miaka arobaini nachimba, sijaona mtu mwenye akili akimkatia ufito mtu anayepumua. Nikamwambia, Novi, umefanya nini?"

Siku ya kumi na sita baada ya hapo, Odane alipigwa risasi saa saba mchana mbele ya duka la mkate, pete kidoleni. Inasemekana waliouziwa orodha waligundua kwamba imeuzwa mara mbili. Inasemekana pia kwamba wanamtafuta mshirika wake.

Wakati wa kuchimba kaburi, watu walikuja kama kawaida, na rumu nyeupe, supu ya kichwa cha mbuzi, na meza ya domino chini ya turubai. Lakini kila aliyemwona Novlette alipunguza sauti. Mama mmoja wa kanisani alimuuliza waziwazi: "Ule ufito wa kijana wako umeuweka wapi?"

Aliuweka chini ya kitanda. Anakiri kwamba tangu aukate alikuwa akiuota ukirefuka.

"Mimi si mtu wa mizuka," anasema. "Nalala makaburini mchana, nakula makaburini. Lakini ule ufito ulinishinda. Nikiutupa, nimekosa. Nikiuchoma, nimekosa. Nikiutunza, namtunzia kifo chake."

Saa sita wanamaliza kaburi la Odane. Novlette anamwaga rumu kidogo kwenye kona nne, anampa Lascelles iliyobaki, na wanateremka kwa miguu mpaka nyumbani kwake.

Uani kuna msingi mpya wa chumba kimoja, futi kumi kwa kumi na mbili. Kuta hazijaanza. Kilichosimama ni fremu ya mlango tu, peke yake, imeegemezwa kwa mbao mbili, na kuku wanapita ndani yake kwa heshima zote.

Kwenye mhimili wa kushoto wa fremu umepigiliwa ufito wa mwanzi kwa misumari mitano.

"Niliwaza wiki nzima," anasema. "Kipimo ni kipimo. Fundi hupima mtu kwa kaburi, lakini hupima pia kwa mlango. Basi nikaupa kazi nyingine. Juu yake nikaongeza kiganja kimoja. Ardhi ikija kuudai, itaukuta umeajiriwa."

"Wazee hawajawahi kusema hivyo," Lascelles anaguna.

"Wazee hawakumlea huyu wangu. Nenda kachote maji."

Chumba ni cha Rushane, lakini kina masharti. Tangu mazishi yeye hatoki nje ya ua. Kila asubuhi anakoroga zege, na viganja vilivyozoea simu vimejaa malengelenge. Mama yake amempatia kazi ya kufyeka bustani Cayman, na Novlette anataka aondoke Krismasi ikishapita, chumba kikiwa na bati, ili awe na mahali pa kurudi. Marumaru nyeusi hazitabandikwa popote. Zitauzwa, na fedha itarudishwa ilikotoka.

Sharti la mwisho ndilo gumu: ampigie yule mama, mchana kweupe, Novlette akisikia, amwambie ukweli. Kwa siku kumi na moja sasa jibu limekuwa kesho.

"Naogopa barabara," anasema Novlette, "lakini naogopa zaidi hiyo kesho yake. Risasi haiingii kwa mtu kutoka barabarani tu. Inaanzia kwenye simu."

Rushane anatokea nyuma ya nyumba na ndoo mbili, mrefu, suruali imeganda saruji. Gari linapita barabarani. Wote watatu wanaligeukia mpaka mlio wake uishe.

Anaukaribia msingi na, ingawa hakuna ukuta na angeweza kupita popote, anapita kwenye fremu. Anainamisha kichwa.

"Usiiname," Novlette anamwambia. "Nimekupima."

Rushane anasimama. Anaweka ndoo chini, moja upande huu na moja upande ule. Ananyoosha mgongo taratibu, kama mtu asiyeamini mbao, mpaka utosi unasimama kiganja kimoja chini ya boriti.

Anatazama lile tofali lenye chaki. Mvua imefuta nusu ya namba, lakini hahitaji kuisoma. Anafuta mikono kwenye suruali, anatoa simu, anabonyeza, anaiweka sauti juu.

Lascelles, aliyekuwa akienda kuchota maji, anasimama. Hata kuku wanaonekana kungoja.

"Inaita, Anti," anasema Rushane.

"Iache iite. Usitoke hapo mlangoni."