Nililipwa Jogoo Kumzika Mama Yangu

Nilikuwa nimelala chali ndani ya kaburi la mama yangu, nimejipaka unga usoni, nimevaa sweta lake la kijani, nawaambia watu sitoki humu mpaka niletewe jogoo. Watu wa Hasamba walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye udongo. Jogoo akaletwa. Nikatoka, nikampokea, nikampiga busu la kwenye kishungi, wakacheka tena.

Hazikupita dakika nyingi, mzee wa kanisa akafungua karatasi akasoma wasifu. Akasema marehemu ameacha watoto wanne. Akawataja mmoja mmoja. Mimi wa tano nilikuwa nimesimama pale pale, jogoo kwapani, unga unanidondoka kidevuni, nasubiri jina langu.

Halikusomwa.

Ndugu msomaji, kosa ni langu na nalikubali kabla sijamtaja mtu mwingine. Niliifanya kazi isiyo yangu, siku ambayo sikupaswa kufanya kazi yoyote zaidi ya kulia. Lakini sikulifanya peke yangu, na wenzangu katika hili nitawataja.

Mimi ni mwanamke nakaribia miaka hamsini, nakaanga chipsi hapa Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, kwa madereva wa malori. Shule niliishia darasa la nne, mnivumilie nikiandika kama ninavyoongea.

Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Zambia. Mwanamke aliyenizaa alikuwa anauza samaki wakavu sokoni, meza moja na huyu mama ninayemlilia, ambaye alikuwa anavuka na maharage kutoka Mbozi. Ugonjwa ukaingia nyumbani kwetu ukamchukua aliyenizaa na kaka zangu wawili. Nikabaki mimi, sina hata meno. Ndugu wa kule hawakutokea. Mama akanifunga mgongoni, juu akatupia kitenge, akavuka na mimi mpaka kwake Hasamba. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Zamani zile nani alikuwa anauliza.

Nyumbani nikawakuta watoto wanne wa tumbo lake. Mkubwa wao ni dada Edina. Mama hakunificha kitu, na wao hawakuniacha nisahau. Nikila sana, "Mzambia ana njaa ya nchi mbili." Timu ya taifa ikicheza na Zambia, naambiwa nitoke nikasikilizie redio kwa jirani.

Nilipofika kama miaka tisa nikagundua dawa. Ukijisema mwenyewe kabla hawajakusema, wanabaki midomo wazi. Kwa hiyo nikaanza mimi. Nikichelewa kanisani nasema msinilaumu, ng'ambo saa iko nyuma saa moja na mwili wangu bado unafuata ya kule. Mgeni akiuliza mbona sifanani na wenzangu, namjibu mimi ni mzigo wa magendo, mama alinipitisha mpakani bila ushuru, msiseme kwa nguvu wasije wakanitaifisha. Mpira ukianza nasema mimi nashangilia refa.

Watu walinipenda kwa hilo. Hata pale Mpemba madereva wanaacha vibanda vingine wanakuja kwangu kusikia nitasema nini leo. Mama naye alikuwa anacheka, lakini kila akimaliza kucheka ananiangalia. Siku moja ananisukia nywele akaniambia, "Mwanangu, ya kwako unayatoa yote nje. Ipo siku mtu atayaokota akupige nayo."

Nikamjibu, "Akiyaokota ayalipie kwanza ushuru."

Akanivuta nywele. Hakucheka.

Mwaka jana miguu ya mama ikakataa. Wenzangu wana kazi zao, wana nyumba zao, sawa. Nikafunga kibanda nikahamia Hasamba. Mwaka mzima na zaidi nilimshika mimi kumpeleka chooni, kumleta juani, kumrudisha ndani. Mwendo wake wote niliujua mikononi mwangu, mguu upi unatangulia, wapi anapumua, wapi anasema "subiri kwanza" hata kama hajachoka, anataka tu kutazama mibuni yake. Akafa asubuhi nimempa uji vijiko vitatu.

Sasa sikiliza. Kwetu msiba una watani. Ni watu wa koo nyingine, tumetaniana nao tangu mababu. Msiba ukitokea wao ndio wanaochangamsha, wanamwigiza marehemu, wanalala kaburini wanadai jogoo au kitu kingine ndipo jeneza lishuke. Wenye msiba wanakaa ndani kwenye mkeka wanalia. Kila mtu ana upande wake. Mtoto mdogo anajua hivyo.

Watani wetu walikuwa wanatoka Ndalambo. Gari lao likaharibika njiani. Siku ya mazishi, baada ya chai, mimi niko kwenye mkeka na wenzangu, nikatoka kidogo kwenda jikoni kunywa maji. Baba mdogo Yotamu akanifuata. Huyu ni mdogo wake na marehemu baba, ndiye msemaji wa ukoo siku hizi.

"Binti yangu," akasema, na nakumbuka vizuri alisema binti yangu, "watani wamekwama. Msiba umepoa kama uji wa jana. Watu watasema kaka yangu na mkewe hawakuwa na watu. Wewe ndiye una mdomo. Hebu tuokoe."

Nikamwambia, "Baba mdogo, mimi mfiwa."

"Nani hajui? Ni kwa ajili ya mama yako. Yeye alipenda sana vituko vyako."

Dada Edina alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno. Akaingia chumbani kwa mama, akarudi na lile sweta la kijani, akanipa. Hakusema fanya, hakusema usifanye.

Kulikuwa na bibi mmoja jirani anachochea moto. Akanishika gauni. "We mtoto, mfiwa hafanyi kazi ya mtani. Rudi ndani."

Na mimi kwa kichwa changu kigumu nikamjibu, "Bibi, mimi wa ng'ambo, sheria za huku hazinishiki." Jikoni nzima ikacheka. Nikachota unga.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningerudi kwenye mkeka, leo nisingekuwa naandika.

Nikatoka nje natembea kama mama. Mguu wa kulia mbele, napumua, nasimama, "subiri kwanza," naitazama mibuni. Watu wakashika matumbo. Wakasema mtani huyu ni hatari, amempata marehemu kama picha. Kumbe wangejua. Sikuwa naigiza. Nilikuwa namtembeza mama yangu mara ya mwisho, na njia pekee niliyokuwa nayo ya kumlilia ilikuwa ile.

Mengine nimeshakwambia. Kaburi, jogoo, karatasi.

Siku ya tatu ukoo ukakaa kumaliza msiba. Nikasimama nikasema kwa adabu kwamba wasifu ulikosewa, mimi sikutajwa. Nilidhani watasema samahani, tulisahau.

Baba mdogo Yotamu hata hakusimama. "Umeona wapi mtoto analala kwenye kaburi la mama yake anadai jogoo?"

"Baba mdogo, si wewe uliniomba."

"Mimi? Mimi nimwombe mfiwa afanye utani kwenye msiba wake? Wazee, mnisaidie." Akageukia watu. "Mtoto halipwi kumzika mama yake. Huyu amelipwa, na alipokea mbele yenu. Tena mwenyewe miaka yote anatuambia yeye ni mzigo wa magendo. Sisi ni nani tumbishie?"

Wakacheka. Si kwa ubaya, naamini, wengi wao walidhani ni mchezo wetu ule ule unaendelea. Nikamwangalia dada Edina. Akainama anakunja pindo la khanga yake, akalikunja tena.

Nikaanza kulia. Kilio kile nilichokuwa nimekibana tangu vile vijiko vitatu vya uji kikanitoka chote, nikaanguka chini. Na watu, msomaji wangu, wakazidi kucheka. Mzee mmoja akafuta macho akasema, "Huyu mtani anajua kulia, mpeni jogoo wa pili."

Hakuna aliyeamini. Maisha yangu yote nimewafundisha kunicheka, na siku ile walikuwa wanafunzi wazuri.

Nikarudi Mpemba. Kaburi limejengewa, nasikia wameandika majina ya watoto kwenye bamba. Wanne. Sitaki mibuni, wagawane mpaka mizizi. Nilitaka niandikwe pale kwamba yule mwanamke alikuwa mama yangu, kwa sababu sina mahali pengine popote palipoandikwa.

Wiki mbili zilizopita nilimfuata yule mzee wa kanisa aliyesoma wasifu. Nilimuuliza ile karatasi alibadilishiwa saa ngapi, baada ya mimi kuvaa sweta au baada ya jogoo. Akashangaa. Akasema haikubadilishwa. Alipewa na Yotamu asubuhi, kabla hata ya chai, akaambiwa aisome ilivyo.

Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo. Wewe unayelelewa nchi isiyo ya damu yako, au kwenye nyumba isiyo ya tumbo la mama yako, na umejaliwa mdomo kama mimi, chekesha sokoni, chekesha kazini, lakini usikubali mtu akutoe kwenye mkeka wa wafiwa. Kaa hapo ulie, hata machozi yakikataa. Na mara moja moja waambie watu wako kwa uso mkavu kwamba wewe ni mtoto wa nyumba ile, wazoee kulisikia bila kicheko.

Dada Edina, wewe ulikuwa mlangoni. Nitajie mbele ya wadogo zako ulinipa sweta la mama kwa sababu gani.

Na wewe baba mdogo Yotamu, nimekutaja kwa jina na sitalifuta. Sitaki kuitwa tena kwenye kikao cha ndani. Rudi mbele ya watu wale wale uliowachekesha, pale Hasamba, mchana, unijibu hili moja: kama karatasi yako ilikuwa na watoto wanne tangu kabla ya chai, ulinifuata jikoni kunitafutia nini?