Ndoana za Manyoya

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi katika kijiji cha ujamaa kando ya ziwa, karibu na Kamanga. Jioni nilikaa barazani nikifunga manyoya kwenye ndoana kwa uzi wa hariri, mpaka ndoana ionekane kama mdudu aliyeanguka majini. Nilifundishwa na padri mmoja mzee. Aliporudi kwao aliniachia mkebe wa biskuti uliojaa ndoana za zamani, zenye manyoya ya kware, nywele za sungura na uzi mwekundu. Nilizipenda mno, hata sikuthubutu kuzilowesha. Nilizitazama tu, kisha nikaiga.

Jirani yangu, mvuvi wa nyavu, alifiwa na binti yake ghafla. Mtoto aliamka anaumwa tumbo, jua halijazama akawa maiti. Matanga hayajaisha, nikasikia vurugu uani. Wanaume walikuwa na marungu na mapanga, na jirani yangu yuko mbele.

"Mwalimu, toa huo mkebe."

"Ni vitu vya kuvulia tu, ndugu yangu."

"Nywele za nani hizo umezifunga kwenye chuma?"

Rungu la kwanza lilinipata begani, la pili likanivunja ubavu. Nilipoanguka wakanishindilia mateke. Mke wangu alijitupa juu yangu. Wakamvuta kwa nywele, mmoja akampasua mdomo kwa ngumi.

Jirani akafungua mkebe, akachota ndoana na kuzifumbata kwa hasira. Ndipo akapiga yowe. Zilikuwa zimezama kiganjani, na kila alipovuta zilizidi kuchana nyama.

"Uchawi umemshika!" watu wakapiga kelele. Mmoja mwenye panga akamkamata mkono, akaulaza kwenye kinu kilichoanguka. "Tuukate kabla haujapanda moyoni!"

"Msimkate!" nikasema, damu imenijaa kinywani. "Nitazitoa."

Nilitambaa mpaka kwake. Nikatoa uzi wa hariri mfukoni, nikauzungusha kwenye mpindo wa ndoana, nikaigandamiza chini kwa kidole gumba, nikavuta kwa nguvu. Ikachomoka. Nikaendelea na ya pili.

"Nywele za nani?" akauliza tena, safari hii kwa sauti ndogo.

"Za sungura."

Akakaa chini akamlilia binti yake. Wenzake walimwaga mkebe kwenye moto wa jikoni kwetu, na yule mwenye panga alinipiga teke jingine alipokuwa anaondoka.

Balozi wa nyumba kumi alinipakia kwenye kivuko, nikalazwa hospitali mjini. Jirani alikuja siku moja, mkono umefungwa bandeji, ameleta samaki, ngege wakubwa.

"Shemeji, pokea," akamwambia mke wangu.

Mke wangu, mdomo bado una nyuzi, aliwapokea kisha akamtupia kifuani. Yule mtu akainama, akawaokota mmoja mmoja, akaondoka.

Mimi ningewapokea. Lakini mke wangu hakuniuliza, na mpaka leo sijamlaumu.