Migori au Homa Bay? Tulivyotafuta mji wa bei nafuu Kenya, na nyumba tisa nilizozikimbia

Wakuu, poleni na majukumu. Haya ninayoandika yametupata mimi na mke wangu, sijasimuliwa na mtu. Chumvi nikiongeza mtaiona wenyewe, maana huwa naimwaga juu juu, siifichi.

Nianze na aibu yangu.

Kwa miaka miwili mizima niliamini kwamba Migori nyumba za kupanga ni karibu na bure kwa sababu ya dhahabu. Jamaa mmoja mpaka rangi pale Mwanza alinihakikishia kwamba mji ule umejengwa juu ya dhahabu. Udongo wa ukutani una dhahabu, vumbi la sakafuni lina dhahabu. Kwa hiyo mwenye nyumba hana shida na kodi kubwa. Anachotaka ni mpangaji afagie kila asubuhi na vumbi amwekee kwenye ndoo. Jioni analiosha, analala tajiri.

Niliamini yote. Tena mimi ni msomi, nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikitoka kazini na vumbi la mbao kwenye nyusi, na hesabu nilipasua hadi mwalimu akataka kunipa chaki yake. Bado niliamini.

Sasa twende taratibu.

Mimi ni fundi makochi, Msukuma wa Mwanza. Mke wangu Anyango ni Mjaluo wa Shirati, upande wetu huu wa Tanzania, na anauza dagaa. Kiwanja cha karakana yangu mwenye nacho alikitaka, nikatakiwa kutoka. Wateja wakubwa wa mke wangu nao walikuwa Wakenya. Siku moja akaniambia, "Fundi, wewe huna karakana na mimi wateja wangu wote wako ng'ambo. Tunangoja nini hapa?"

Ndiyo maana nilimwoa huyu mwanamke, anauliza swali moja unafunga begi.

Nairobi tuliifuta mapema, nasikia kule hata kivuli kinalipiwa. Kisumu tukaifuta nayo. Tukabaki na miji miwili, Migori na Homa Bay. Yeye alitaka Homa Bay kwa sababu dagaa, ambao huku wanaitwa omena, wanatoka hapo jirani, Sindo na Rusinga. Mimi nilitaka Migori. Sababu zangu nilimwambia ni barabara nzuri na ukaribu wa mpaka. Ndoo ya vumbi sikuitaja.

Kabla ya kuondoka tulikubaliana jambo zito, na naomba mlishike.

Tulikuwa na akiba moja tu. Kodi ya miezi sita ya nyumba ya elfu nne za Kenya kwa mwezi, na cha kuanzia mbao na omena kidogo. Zaidi ya hapo hatuna kitu. Tukapeana wiki moja. Tukikosa nyumba ya kutosha kitanda chetu na kazi zetu, Anyango anarudi kwa mama yake Shirati na mimi narudi Mwanza kufanya kibarua kwenye karakana ya mtu. Ndoa inabaki ya kwenye simu mpaka Mungu apende.

Hatujawahi kulala mbali zaidi ya siku tatu tangu tuoane. Hilo tulilisema tukicheka, lakini wote wawili tulikuwa tunaangalia chini.

Tukavuka Sirari Jumapili, makaratasi yakagongwa, Jumatatu tuko Migori mjini.

Wakuu, Migori inapendeza! Mji mdogo lakini una haraka kama umeahidiwa zawadi. Sokoni ndizi zimepangana kama jeshi. Mama muuza nyanya anakusalimia Kiswahili, anabishana na jirani yake Kijaluo, anamjibu mteja wa simu Kiingereza, na chenji yako harudishi pungufu. Nilisimama pale nikajisikia natakiwa kurudi shule.

Nyumba ya kwanza ilikuwa vyumba viwili, kijani, safi. Msimamizi wake, wanamwita caretaker, kijana mmoja mrefu mwenye heshima, akatufungulia.

Nikamuuliza kwa sauti ya mtu anayejua mambo, "Ndoo iko wapi?"

"Ndoo ya nini, mzee?"

"Ya vumbi."

"Vumbi gani?"

Anyango akanitazama. Nikaeleza. Yule kijana alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Mzee, dhahabu iko Nyatike huko. Watu wanaingia shimo mpaka wanasahau sura ya mama yao. Hapa ukifagia utapata mchanga na vifuniko vya soda. Hii nyumba ni elfu saba."

Basi, dhahabu ikaisha hapo hapo. Lakini ile elfu saba ndiyo ilinipiga. Nikatazama dari. Nikazidisha moyoni. Wingu likanijia machoni.

Nikasema, "Nyumba nzuri sana, tutarudi," nikatoka kwa mwendo wa mtu aliyeacha sufuria jikoni. Mke wangu nyuma anakimbilia na mkoba.

Ndivyo ilivyokuwa wakuu. Nyumba ya pili, elfu sita na nusu. Natazama dari, nazidisha, nasifia rangi ya mlango, natoroka. Ya tatu, ya nne, hivyo hivyo. Anyango akisema, "Ongea nao basi, pengine watapunguza," mimi namjibu mambo ya bei aniachie mimi, hesabu naijua.

Nyumba iliyoingia kwenye bajeti ilikuwa moja. Chumba cha mabati ubavuni mwa posho mill, yaani mashine ya kusaga. Ikiwashwa, meno yanagongana bila wewe kuyaagiza. Tukipanga mle, nikitoka nje nitakuwa nimepakwa unga tayari kukaangwa. Anyango alisimama mlangoni, akapima kwa macho, akasema, "Kitanda kitaingia. Sisi tutasimama wapi?"

Jumatano tukahamia Homa Bay.

Njiani tulipita Uriri, mashamba ya miwa yamesimama hadi unahisi unapita katikati ya gwaride. Halafu ukikaribia Homa Bay, ziwa linajitokeza. Mimi ziwa hilo hilo nimelijua tangu nizaliwe, lakini kulitazama upande huu ni kama kukutana na jirani yako akiwa amevaa suti.

Na kile kilima cha Asego kimekaa juu ya mji kama kofia. Joto lipo, sikatai. Nilianika shati, nilipogeuka lilikuwa limeshakauka na kujipiga pasi. Lakini samaki! Siku ya kwanza niliwekewa sangara mkubwa nikataka kumsalimia kwanza. Watu nao wanavaa, wakuu. Mtu anaenda kununua sukari dukani na viatu vinang'aa utadhani anaenda kuapishwa.

Anyango alikuwa kama amerudi nyumbani. Kijaluo chake cha Shirati kiliwachekesha akina mama wa omena, wakamwita dada, wakamwonjesha, wakamwambia nani anauza omena kavu na nani anauza mchanga. Siku ya kwanza tu! Mimi nimekaa Mwanza miaka yote, bado kuna jirani ananiita "wewe wa makochi".

Ila nyumba, hali ile ile. Ya tano, ya sita, ya saba, ya nane. Natazama dari, natoroka. Alhamisi nikaonyeshwa chumba nyuma ya sehemu ya kuoshea magari, sakafu imelowa muda wote. Anyango aliinua sketi isilowe, akatangulia kutoka.

Ijumaa mchana akaanza kupanga nguo zake kwenye begi. Zake tu.

Nikamwambia, "Jumamosi bado ipo."

"Jumamosi ni Sabato, sisafiri. Nitaondoka Jumapili asubuhi." Halafu akaongeza, bila hasira, "Umejitahidi, Fundi."

Afadhali angenitukana.

Jumamosi nikamsindikiza kanisani kwao Wasabato. Baada ya ibada akina mama wakatuita kula. Pembeni yangu alikaa Mwalimu Dorka, mama wa makamo, mstaafu, mgongo umenyooka kama rula. Akaniuliza mimi ni nani, nikasema fundi kutoka Mwanza, natafuta nyumba.

Akaweka kijiko chini.

"Aa! Ni wewe?"

"Mimi nani, Mwalimu?"

"Ule Mtanzania anakimbia. Caretaker wa kwa shemeji yangu alituambia kuna mtu anaingia kwa nyumba, anaangalia juu kama anatafuta nyoka, halafu anatoka mbio. Walienda wakaangalia hiyo dari, hawakuona kitu."

Meza nzima ilicheka. Anyango alicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka kwa sababu nilikuwa sijamwona akicheka tangu Jumatatu.

Mwalimu akasema ana nyumba nyuma ya kwake, twende tuione. Twende wakuu, mniambie. Vyumba viwili na jiko. Tangi la maji. Kibaraza kipana ambacho makochi mawili yanakaa na fundi anabaki na nafasi ya kuzunguka. Uwanja wa sementi unaopigwa na jua asubuhi hadi jioni, omena atakauka mpaka aombe msamaha. Na ukisimama dirishani, ziwa lote hilo hapo.

Nikauliza bei.

"Leo ni Sabato," akasema. "Bei hatutaji. Kuja kesho asubuhi."

Yaani kwa mara ya kwanza nimeingia nyumba nikatoka bila namba kichwani. Sikuwa na cha kuzidisha. Nikatoka naipenda tu, kama mtoto. Nikamwona Anyango anapima kibaraza kwa hatua, moja, mbili, tatu, kisha akajishtukia akaacha.

Hapa nisimame kidogo niweke somo, maana mwishoni sitaweza, nitakuwa nimeinama.

Wanaotaka kuhama nchi na wenza wao, msichague mji kwa kusikia na msiuchague kwa kalamu peke yake. Nendeni wote wawili, kuleni sokoni, mtazame mwenzako anachangamka wapi. Migori ni mji mzuri, nausifia popote, na fundi mwenye wateja wa barabarani atanenepa pale. Homa Bay nayo ina watu wa ajabu kwa ukarimu. Na kubwa kuliko yote, ugenini usifanye hesabu kimya kimya. Piga kwa sauti, wenyeji wakusikie.

Kama umehama na mwenza wako, uwe Busia, Kampala, Kigali au kokote, tuambie mliuchaguaje mji. Wenye maswali ya Migori na Homa Bay niulizeni, ninayoyajua nitajibu, nisiyoyajua nitamuuliza Anyango. Kunicheka pia ruksa.

Haya, Jumapili asubuhi.

Tulifika na begi la mke wangu, kwa sababu kutoka pale alikuwa anapitiliza stendi. Akaliweka kibarazani. Mwalimu Dorka alikuwa amekaa na chai, akatumiminia, kisha akasema, "Nyumba ni elfu saba."

Nikatazama juu. Pale kibarazani hakuna dari, nikatazama mawingu. Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Mwalimu, nyumba nzuri sana, tuta..."

"Keti."

Wakuu, nilikaa. Ile sauti imekalisha vizazi.

"Hiyo hesabu unafanya huko juu, fanya kwa sauti."

Nikamtazama Anyango. Ameshashika mkono wa begi. Nikasema, "Elfu saba mara sita, elfu arobaini na mbili. Sisi tuna elfu ishirini na nne, Mwalimu. Nimejaribu kila njia. Haifiki."

"Hesabu ni sawa. Hiyo sita umetoa wapi?"

"Si miezi sita ya kodi, kama kwetu Mwanza? Ya kulipa mara moja, ndipo tuingie."

Mwalimu Dorka akanitazama, akamtazama mke wangu, akalitazama begi. Hakucheka hata kidogo. Akaongea polepole, kama anaandika ubaoni.

"Baba, huku tunalipa mwezi kwa mwezi. Unalipa mwezi wa kwanza, na deposit ya mwezi mmoja, jumla elfu kumi na nne. Basi."