Sauti Kubwa Sebuleni Auderghem

Nilifika kwa mama yule wa Kibelgiji kwa kazi ya kumwangalia mume wake mgonjwa, kule Auderghem, Ubelgiji, upande wa msituni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na mimi bado nilikuwa napanda tramu za kwenda nisikotaka. Yeye alizaliwa Katanga, akarudishwa Ubelgiji akiwa msichana mdogo, lakini Kiswahili kilimbakia mdomoni. Kilikuwa Kiswahili cha mtoto, cha jikoni na uani. Siku ya kwanza aliponifungulia mlango akasema, "Ingia, mutoto yangu, bon, kuya tukunywe kahawa," nilicheka hadi nikaona haya. Tangu siku hiyo nikawa namwita Maman.

Asubuhi moja alinikuta naimba huku naosha vyombo. Akanivuta na mikono yangu yenye povu hadi sebuleni, mbele ya kitu ambacho nilikuwa nakifuta vumbi kila wiki nikidhani ni meza ya kuwekea picha. Akaondoa picha za wajukuu, akafunua kifuniko. Kumbe ni piano, ya bibi wa bibi yake, yenye umbo la meza na vinyundo vilivyovikwa ngozi. Sauti yake ilitoka fupi na laini, ikazimika kabla hujaizoea. Pembeni kulikuwa na rundo la nyimbo ambazo watu wa nyumba kama ile waliziimba wenyewe jioni, zamani kabla ya redio, mama akipiga na binti akiimba. Zilikuwa za mapenzi, za kulaza watoto, na moja ya mtu anayemlilia mbwa wake. Nilizipenda zote, hata ya mbwa.

Mume alipofariki, kazi iliisha lakini niliendelea kwenda kila Jumamosi kuimba. Kazi kubwa ya Maman ilikuwa kunipunguza sauti. Mimi ni mtu wa kwaya. Kanisa letu lilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, na mle ndani tuliimba kama tulivyofundishwa kwetu Lubumbashi, kwamba kinanda kikikata, kwaya haikati. Umeme ukienda, unapandisha sauti, unapiga makofi, unaubeba wimbo hadi umeme urudi au ibada iishe. Ukinyamaza, umemwaibisha mpiga kinanda mbele ya watu. Hilo halikuandikwa popote, na sijawahi kuona mwanakwaya aliyelisahau.

"Polepole," Maman alikuwa akiniambia. "Muko batu kumi tu mu salon. Batakusikia."

Zamani, kila majira ya baridi, yeye na mumewe walikuwa wakiwaalika majirani na marafiki waje kusikiliza nyimbo zile. Ugonjwa ulikatiza mambo hayo. Sasa alitaka kuyarudisha, lakini vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, na kuna asubuhi hata kikombe kilimshinda. Jumamosi moja aliniambia wazi, akiwa ameweka vidole vile juu ya magoti.

"Ninataka kupiga tena mbele ya batu. Mikono ikikatala, c'est fini, nitafunga piano."

Tukajiandaa kwa miezi. Siku ilipofika, sebule ilijaa wazee wenye sweta nzuri, kila mmoja na glasi yake ya divai. Nyimbo za kwanza zilienda vizuri. Maman alikuwa amenyooka mgongo, mashavu mekundu, na mwanawe, mwanamume mtu mzima, alikuwa akimtazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake.

Tukafika kwenye wimbo wa kumlaza mtoto. Katika ubeti wa pili, vidole vikamkwama. Akapiga nota moja, akaitafuta ya pili, akanyamaza.

Sikufikiri. Ningefikiri, labda ningenyamaza. Nilifanya nilichofundishwa tangu udogo: nilipandisha sauti. Nilifumba macho, nikaubeba wimbo, na ninaona aibu hata kuandika kwamba mguu wangu ulianza kupiga mdundo sakafuni. Wimbo wa kumlaza mtoto, na mimi nauimba kama naamsha mtaa mzima. Nilimsikia Maman akijaribu kuingia, mara moja, kisha tena, lakini nilikuwa nimeshaupandisha wimbo hadi mahali ambapo piano haikuweza kunikuta. Nilipofumbua macho, mikono yake ilikuwa imerudi magotini.

Watu walisimama wakapiga makofi. Bibi mmoja alifuta machozi. Nami niliinama, nikainama tena, na utamu wa makofi yale ulinishuka hadi miguuni. Nilijua nimemwokoa.

Baadaye nilimkuta mwanawe jikoni anakausha glasi. Hakuwa na hasira. Aliniambia kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni mahali taulo zinapokaa, kwamba mama yake hupotea palepale tangu yeye akiwa mtoto. "Huwa tunamngoja tu. Papa alikuwa anamimina divai. Halafu anapata njia, tunaendelea. Ni nyumbani, si jukwaani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Watu wote mle ndani walikuwa wanajua kungoja, isipokuwa mimi niliyepigiwa makofi.

Niliporudi sebuleni, kifuniko kilikuwa kimefungwa na picha za wajukuu zimerudishwa juu yake. Maman alinibusu mashavuni.

"Umeimba muzuri sana, mutoto yangu. Sauti kama ile haina besoin ya piano, inajitosha."

Hakuwa ananisimanga. Angenisimanga ningelala usingizi.

Mwaka mzima hakuigusa. Jumamosi tulikunywa kahawa, na kila nilipoanza kuomba msamaha alinigeuzia maneno kwenye mvua, au bei ya sombe, yale majani ya muhogo, kwenye maduka ya Chaussée de Wavre. Nilimsimulia mwenzangu mmoja wa kwaya, akanishangaa. "Si ulimusaidia? Alors, haya ya nini?" Kanisani niliimba nikiwa nimejificha safu ya nyuma, na mtu akinisifu sauti, uso uliniwaka moto.

Majira ya baridi yaliyofuata, mwanawe aliwaalika watu tena. Alimleta mwalimu mmoja wa piano, mwanamke wa mtaa uleule, apige. Nilikataa kuimba, lakini Maman mwenyewe akasema niimbe. Mwalimu alihitaji mtu wa kumgeuzia kurasa, kwa kuwa karatasi zilikuwa kuukuu na zimechorwa alama za marudio ambazo hakuna aliyezielewa isipokuwa mwenye nyumba. Kwa hiyo Maman akakaa pembeni, kwenye kiti cha chini, mbele ya piano yake mwenyewe, kazi yake kugeuza kurasa.

Katikati ya wimbo mmoja wa mapenzi, vidole vyake vilivyovimba viligeuza kurasa mbili kwa pamoja. Mwalimu akaacha kupiga. Na mimi nikanyamaza.

Kila kitu ndani yangu kilitaka kuubeba wimbo ule, na nilibana midomo hadi ikauma. Maman alikuwa anahangaika kuzitenganisha zile karatasi, ukucha ukiteleza, hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia, na mwanawe akaanza kumimina divai. Hatimaye ukurasa ukaachia. Akaulaza, akamwonyesha mwalimu kwa kidole pa kuanzia, kisha akanigeukia.

"Kumbe unajua kungoja," akaniambia.

Mwalimu akaanza kupiga, na safari hii ni mimi niliyepotea. Bado nilikuwa namtazama yeye, na mahali pa kuingia pakanipita. Maman akainua mkono wake, akamsimamisha mwalimu, wakaningoja.