Matanga Yaliyomzuia Kipa Wetu

Mimi sikulelewa na kocha yeyote. Nilitoka Bunia na mfuko mmoja, nikafua mashuka ya hoteli Ubelgiji, nikasoma usiku, nikarudi na diploma ya ukocha. Katika mji huu sijaona mwingine mwenye diploma kama yangu. Walionicheka nilipoanza kufundisha wasichana, leo wananiita "Professeur".

Binti wa dada yangu alikuwa kipa wangu. Nilimfundisha kutoka golini kufuata mipira ya juu, jambo ambalo makipa wengi wa kiume hapa hawaliwezi. Timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka kumi na saba ilipomwita kwenda kwenye mashindano ya kimataifa, sikushangaa. Kazi yangu naijua.

Siku chache kabla ya ndege ya Kinshasa, ambako timu ilikuwa inakusanyika, bibi yake mzaa baba alifariki. Ukoo wa baba yake ulikimbia vita huko kijijini Fataki, wanaishi hapa Bunia kwa kubanana, lakini desturi za matanga hawakuziacha nyuma. Mjukuu haondoki msibani kabla mkubwa wa ukoo hajafika na kutoa ruhusa. Mkubwa huyo, kaka wa baba yake, ni mvuvi Mahagi-Port, kwenye Ziwa Albert. Simu yake haikupatikana, na barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi.

Nilivaa koti, nikasimama mbele ya waombolezaji. Nilieleza kwa utaratibu kwamba nafasi hii haitarudi, na kwamba Ulaya mtu huzika leo, kesho yuko kazini.

"Ndiyo maana walikurudisha?" akauliza shangazi wa mtoto, akiwa amekaa juu ya mkeka. Wanawake wakacheka, ingawa ni matangani.

"Sikurudishwa. Nilirudi!"

"Sawa, Professeur. Lakini weye ni muyomba tu, ndugu ya mama. Huyu ni mutoto wa kwetu. Mukubwa akikuta ameenda, tutamuambia nini?"

Nilimgeukia baba yake. Aliangalia viatu vyake. "Shemeji, tungojee mukubwa," akasema.

Mtoto alinifuata hadi barabarani. "Muyomba, waambie nitamulilia koko, bibi yangu, kule kule Kinshasa. Hata ku terrain ya mupira nitalia."

Nilirudi nikawaambia. Hawakubadilika. Kiongozi wa timu ya taifa alinipigia simu mara mbili. Mara ya pili alisema wamemwita msichana mwingine. Ndege ilipita juu ya nyumba ya msiba wakati tunakula maharage. Hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa mtoto.

Mkubwa alifika baada ya maziko, amechoka, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Alimlilia mama yake kwa kitambo. Kisha akapangusa uso, akatafuta kwa macho.

"Mutoto wa mupira ameshafika Kinshasa?"

Shangazi akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

"Tulikungojea weye, mukubwa," akasema mdogo wake, baba wa mtoto.

"Munangojea miye juu ya nini? Miye nilishaambia wavuvi wote wa bandari wamutazame! Mama mwenyewe alikuwa anamujivunia. Nani alisema nitakataza?"

Hilo ndilo linalonichoma hadi leo: mtu huyo hakukataza chochote. Waliogopa hasira ambayo hakuwa nayo, na mimi niliyejua thamani ya safari ile niliambiwa nikae chini kwa sababu ni ndugu wa mama.

Mechi ya kwanza ya mashindano tuliitazama kwa jirani mwenye televisheni. Tulifungwa kwa mpira wa juu. Kipa aliyechukua nafasi ya mtoto alibaki amesimama kwenye mstari wa goli. Baba wa mtoto akasema, "Huyo kipa iko mbovu." Nilitoka nje nisije nikampiga shemeji yangu.

Mtoto alikuwa uani anaosha sahani, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Mashindano mengine yakija atakuwa ameshapita umri. Nilimwambia kuna timu ya wakubwa zaidi, chini ya ishirini, na kwamba kwa mafunzo yangu ataingia bila shida.

"Na safari hiyo, muyomba," akauliza, "nani atakuwa amekufa?"

Akachukua sahani nyingine, akaendelea kusugua.