Mstari Mweupe

Kabla bomba halijavutwa kuingia baharini, msimamizi wetu hulichora mstari mweupe mgongoni kwa mkono wake mwenyewe. Kisha husimama ufukweni, macho hayabanduki hapo. Waya wa winchi ukikaza hutaka kulizungusha bomba, na likizama limegeuka, halinyooshwi tena. Mstari ukilala kidogo, yeye huinua ngumi, nasi husimama.

“Ni upana wa kidole tu, mzee,” fundi winchi hunung’unika.

“Linageuka,” hujibu, basi.

Siku tuliyomzika mkewe, tulikuwa tunashusha jeneza kwa kamba, naye kasimama ukingoni mwa kaburi, macho makavu. Akainua ngumi. Tukasimama kama kazini.

“Linageuka,” alisema.

Jeneza lilikuwa limenyooka. Tukangoja ngumi ishuke, kamba zikitukata viganja.