Sanduku la Udi la Bi Balqis

Bi Balqis alizaliwa Malindi, Unguja, akaletwa Maskati angali mtoto. Mpaka leo, ukimwambia jambo fulani haliwezekani, anajiweka sawa kitini na kukuuliza ni nani aliyesema. Sisi majirani zake wa mtaa wa Azaiba tumemchoka, na tunampenda.

Kazi yake ni kupika udi wa kufukiza. Anaupika kwa sukari na mafuta ya mkadi, lile ua linukialo sana, kama alivyofunzwa na mamake. Mwingi anauuza dukani Matrah, na mwingine anampelekea mpwa wake Ruba, mwenye duka la manukato Hamburg. Mwaka jana bunge la Ulaya likapitisha sheria kwamba udi wenye mafuta ya mkadi usiingie kwao. Ruba akapiga simu kumwomba autoe mkadi.

"Udi bila mkadi ni sukari iloungua," Bi Balqis akamjibu. "Mie nnakwenda mahakamani."

Tulicheka sana. Yeye akamwita Bashayer, binti wa kaka yake, aliyesomea sheria Ubelgiji. Bashayer hakucheka. Alieleza kwamba mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg haimpokei mtu binafsi anayepinga sheria kama ile, ila awe ameguswa yeye hasa, kana kwamba iliandikwa kwa ajili yake.

"Na wewe, shangazi, imekugusa kama ilivyomgusa kila mpika udi duniani. Hawatakusikiliza."

"Kwa hivyo wakituumiza wengi, ndo hapana kesi?"

"Kwa mlango huo, hapana."

Mimi nilikuwepo, na kicheko kikaniisha. Nilikasirika hasa. Kumbe msiba wa wengi, kwa wenzetu, hauna mwenyewe.

Bi Balqis akanywa kahawa yake. "Huo mlango wa mbele. Wa uani jee?"

Katika nyumba zetu wanaume huingilia barazani, wanawake uani, na mambo mengi hukatwa uani kabla hayajafika barazani. Bashayer alifikiri, kisha akatabasamu. Njia ipo, alisema. Ruba auagize ule ule udi. Forodha wakiukataa, apinge katika mahakama ya pale pale Hamburg. Jaji wa pale hawezi kuifuta sheria ya Ulaya, lakini akiitilia shaka anaweza kuwauliza Luxembourg, na wakiulizwa na jaji watajibu.

"Ila lazima kwanza udi ukataliwe, shangazi."

"Hilo tu?"

Akapika. Juu ya sanduku akaandika kwa herufi kubwa kwamba ndani mna mafuta ya mkadi, na chini yake jina lake kamili. Ruba alipiga simu akiwa na hofu, asije akaonekana mwizi mbele ya wateja wake.

"Mwizi hapigi hodi, mwanangu," Bi Balqis akamwambia. "Sisi tunapiga hodi."

Habari zikatufikia kwamba sanduku limezuiwa forodhani Hamburg. Tukavaa mabuibui yetu, tukaenda kumpa pole. Njiani nilipanga maneno ya kumtuliza, maana, mpango ni mpango, lakini nilijua alivyouhangaikia udi ule.

Tukakuta sinia la halwa limeshaandaliwa na kahawa inamiminwa. Nyumba nzima ilinukia mkadi. Pole yangu nikaimeza.

"Wamekataa," alisema, akinipa kikombe. "Alhamdulillahi. Sasa kesi tunayo."